Swichi za Nyumba ya Mbele

Baba yangu alikuwa mtu mrefu, na nyumba yake ya Ujiji aliijenga kwa kipimo chake mwenyewe. Milango ilikuwa mirefu, misumari ya kutundikia kanzu ilikuwa juu, na siku umeme ulipovutwa hadi kwetu alimwambia fundi aweke swichi zote pale mkono wake unapofika akiuinua. Fundi akamuuliza kama ana hakika, maana watu wengine huziweka usawa wa kifua. Baba akamjibu kwamba watu wengine hawana watoto.

Sisi tulikuwa watatu, kaka zangu wawili na mimi, kitinda mimba. Hoja ya baba juu yetu na umeme ilikuwa fupi na aliirudia bila kubadili neno. "Mtoto akiifikia swichi ataichezea. Akiichezea ataizoea. Akiizoea atakufa." Mama alipomuuliza itakuwaje mtoto akijikwaa gizani, alisema akijikwaa atainuka.

Mama naye hakuzifikia. Alikuwa Muha wa kule Kalinzi, mfupi, mwenye nguvu za kupanda mlima na kapu la ndizi kichwani bila kuhema, lakini katika nyumba yake mwenyewe aliwasha taa kwa mwiko. Alikuwa na mwiko maalumu, haukupikiwa, ulikaa nyuma ya mlango wa jikoni. Siku moja aliusukuma kwa nguvu kidogo, kifuniko cha swichi ya sebuleni kikapasuka. Baba aliizungumzia ajali hiyo kwa wiki mbili, akiwasimulia hata wageni waliokuja kwa habari ya msiba. Tangu hapo mama akaacha kuwasha, akasema mwenye taa atakuja.

Mwenye taa alikuwa karani wa mizigo bandarini Kigoma, na alirudi kabla ya magharibi. Alivua viatu, akanywa maji, kisha akaanza mzunguko: sebuleni, koridoni, chumbani kwao, chumbani kwetu, jikoni. Sisi tulimfuata nyuma. Katika kila chumba aliinua mkono, tak, taa ikawaka, naye akatutazama kana kwamba ameliwasha jua mwenyewe. Siku alizochelewa meli ilipoingia, tulikaa sebuleni tukiangaliana hadi tusionane. Choo kilikuwa mwisho wa korido na mimi niliiogopa ile korido. Mara kadhaa nililowanisha nguo nikiwa nimesimama mwanzoni mwake. Baba alipoambiwa alitoa ushauri kwamba nipunguziwe maji ya kunywa.

Hayo yalikuwa maisha yetu ilipofika miaka ya wakimbizi. Kwanza tuliona watu. Walikuja kwa boti na kwa miguu, wakajaa Kagunga, kijiji cha ziwani mpakani na Burundi, wakaletwa mjini na meli, wakapelekwa kambini. Kisha tukaona magari. Yalikuwa meupe, yenye antena ndefu, na ndani yake walikuwamo watu wanaotafuta nyumba. Kila shirika lilitaka ofisi, na kila bwana wa shirika alitaka mahali pa kulala penye choo cha kukaa. Katika muda mfupi wanaume wa mtaa wetu wakagundua kwamba nyumba zao ni kubwa mno kwao. Mwalimu akahamia uani. Muuza migebuka akahamia uani na samaki wake. Ungepita barabarani ungedhani mtaa umehamwa, lakini ukichungulia nyuma ya kuta ungekuta ukoo mzima umejibana katika vyumba viwili, wanazungumza kwa kunong'ona ili mpangaji asisumbuke. Wakimbizi walipewa mahema, na wenyeji wakajipa mabanda.

Baba hakutaka kubaki nyuma. Alikuja mama mmoja kutoka Dar es Salaam, ofisa wa nyumba wa shirika fulani, ameshika faili na kalamu mbili. Akauliza kama tuna tangi la maji. Baba akasema lipo njiani. Akauliza nyavu za madirishani. Baba akasema hizo alikuwa anazifikiria siku hiyohiyo. Akauliza choo cha kukaa, na baba, ambaye alikuwa akitufundisha kwamba kukaa chooni ni uvivu, akasema kwamba yeye binafsi hupendelea cha kukaa.

Wiki iliyofuata ofisa akarudi na wapangaji wenyewe: bwana wa shirika, mkewe, na binti yao wa miaka kama minne, mwenye nywele rangi ya mahindi mabichi. Wakubwa walizunguka wakigonga kuta. Yule mtoto aliingia koridoni peke yake, na kwa kuwa hata mchana palikuwa na giza, akaenda ukutani, akainua mkono kutafuta swichi. Akapapasa. Akarukaruka. Kisha akamgeukia mama yake akasema maneno mawili matatu kwa lugha yao, bila kulia, kama mtu anayetoa taarifa ya kawaida.

Mama yake akamwambia bwana wake, bwana akamwambia ofisa, ofisa akaandika.

"Mzee," ofisa akasema, "wanaomba swichi zote zishushwe. Mtoto azifikie."

Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango wa jikoni pamoja na mama. Nilimtazama baba kwa hamu, nikingoja aseme kwamba mtoto akiifikia swichi ataichezea.

"Bila shaka," baba akasema. "Mtoto lazima awe huru nyumbani kwake. Hata mimi nilikuwa nimeliwaza hilo."

Mama akakohoa. Alikohoa kikohozi kirefu sana, hadi mke wa bwana wa shirika akauliza kama kuna mgonjwa.

Fundi aliyeitwa kuzishusha alikuwa yuleyule aliyezipandisha. Aliingia na tindo na nyundo, akasimama chini ya swichi ya sebuleni, akaitazama muda mrefu.

"Mzee, nilikuuliza," akasema.

"Mambo yanabadilika," baba akasema.

Tatizo likawa kipimo. Mtoto mwenyewe hakuwapo na hakuna aliyekuwa amempima. Baba akatazama huku na huku, macho yake yakaniangukia. Nilikuwa na miaka sita, lakini nilikuwa nimechukua umbo la mama. Akaniita. Nikasimamishwa ukutani sebuleni, visigino vimegusa ukuta, fundi akachora mstari kwa penseli usawa wa bega langu. Tukaenda koridoni, akachora. Tukaingia chumba cha wakubwa, akachora. Tulizunguka nyumba nzima hivyo, na baba akisisitiza, "Simama wima, usiinue mabega, usije ukatuharibia kazi." Jioni swichi zote zilikuwa zimehamia kwenye mistari yangu. Matundu ya zamani yakazibwa kwa saruji na kupakwa rangi ambayo haikufanana sawasawa na ile ya mwanzo.

Nilijaribu moja. Niliiwasha taa ya koridoni kwa kidole kimoja, nikaizima, nikaiwasha tena. Nilikwenda hadi chooni nikarudi. Nilifurahi kiasi kwamba sikuelewa mama alipoanza kufunga vyombo. Kesho yake tukahamia uani.

Banda la uani lilikuwa na vyumba viwili na stoo ya mkaa. Baba alivuta waya kutoka nyumba ya mbele, akamwambia fundi aweke taa moja kila chumba, na swichi zake pale mkono unapofika ukiinuliwa. Fundi hakuuliza kitu safari hii. Niliyeuliza ni mimi.

"Baba, mbona zetu ziko juu?"

"Hizi ni zetu," akasema.

"Na zile?"

"Zile ni za wageni."

Mama alikuwa anapanga sufuria. Akasema kwa Kiha neno ambalo sikuwahi kulisikia kwake, na baba, aliyezaliwa Ujiji na kujidai hajui Kiha, akatoka nje.

Wapangaji walikuwa watu wazuri. Mke wa bwana wa shirika alikuwa hana kazi ya kufanya, kwa hiyo alijifunza Kiswahili kwa kusimama kwenye ukuta mfupi uliotenganisha ua wao na wetu, akimuuliza mama jina la kila kitu: ungo, kinu, mawese, dagaa. Mtoto wao naye aligundua swichi. Kila jioni aliwasha na kuzima, akawasha na kuzima, sebule yetu ya zamani ikawa inapepesa kama jicho lililoingiwa na vumbi. Sisi tulikaa uani tukitazama. Kaka yangu mkubwa aliwahi kuchapwa kwa kuwasha taa mara moja bila ruhusa, kwa kutumia fimbo ya fagio, kwa hiyo alimgeukia baba aone atakavyofanya.

Baba alitabasamu. "Mnaona," akasema. "Wenzetu wanawafundisha watoto mapema. Yule anajifunza."

Balbu zilipoungua alikwenda mwenyewe kuzibadilisha. Alipanda kwenye kiti, akamsalimia mtoto kwa Kiingereza, akarudi uani na heshima zake, akatuwashia taa.

Katika msimu huo shangazi akaja. Alikuwa dada mkubwa wa baba, ameolewa Bujumbura tangu usichana, akikaa Buyenzi ambako nusu ya watu wana jamaa Ujiji na Kiswahili ndicho wanachotumia hata wakigombana. Vita vilipofika mtaani kwao alimchukua mjukuu wake, binti wa mwanawe, wakashuka hadi ziwani, wakapanda boti na watu wengine, wakalala Kagunga siku nne juu ya kokoto. Alitokea getini kwetu jioni moja, baba akiwa ndiyo kwanza amerudi kazini, amebeba furushi, pasi ya mkaa na mtoto.

Baba alitoka mbio kumpokea. "Dada, umefikaje? Mbona hukuleta habari?"

"Bandarini wamenipanga foleni," shangazi akasema, akikaa kwenye kinu kilichopinduliwa. "Wananiuliza kabila, wananiuliza kijiji nilichotoka. Nikawaambia nimezaliwa Ujiji, mtaa ule pale. Yule karani akaandika mkimbizi. Nikamwacha na karatasi yake, nimekuja kwa miguu." Akatazama nyumba ya mbele, kisha banda, kisha sisi. "Kwa nini mnakaa jikoni?"

Mama akaleta maji.

Yule mjukuu alikuwa na miaka mitano na kwa utaratibu wa ukoo alitakiwa kuniita shangazi, jambo lililonipendeza sana na yeye likamchukiza. Tulilala mkeka mmoja. Jioni ile ya kwanza aliingia chumbani akaenda moja kwa moja ukutani karibu na mlango, akapapasa usawa wa kichwa chake, akapapasa kushoto, akapapasa kulia.

"Iko wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha juu.

Aliitazama swichi muda mrefu. Kisha akatoka kwenda kumwambia bibi yake kwamba nyumba hii swichi imewekwa darini. Shangazi akaja kujionea. Baba alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu.

"Wewe," shangazi akamwambia, "mtoto huyu kwetu alikuwa anawasha mwenyewe. Hii umeiwekea nani?"

"Dada, umeme si mchezo."

"Kwetu tuna umeme."

"Umeme wa huku ni mkali kidogo," baba akasema.

Shangazi alimtazama jinsi anavyotazamwa mtu ambaye umemwogesha akiwa mchanga. Hakusema zaidi kwa sababu alikuwa amefika siku hiyohiyo, na mgeni ana adabu zake. Lakini kesho yake aliutoa mwiko wa mama nyuma ya mlango na kumkabidhi mjukuu wake, pamoja na ndoo na kreti tupu ya soda. Kreti chini, ndoo juu yake imepinduliwa, mtoto juu ya ndoo, mwiko mkononi. Mama aliona akaendelea na kazi zake. Mimi nilishika kreti. Baba hakujua, maana tulimaliza kila kitu kabla hajarudi na kuzima tena ili akute giza lake.

Sasa, bwana wa shirika kazi yake ilikuwa watoto. Huko kambini alijenga vibanda vya kuchezea, na mjini alifanya semina kuhusu nyumba salama kwa mtoto, penye soda na karanga. Katika semina moja alimtaja baba, mwenye nyumba aliyeshusha swichi zote kwa ajili ya mtoto mdogo, mfano kwa mji mzima. Baba alikuwa amekaa mstari wa mbele. Akasimama, akaombwa aseme machache, akasema mengi. Mama, aliyekuwa amekaa nyuma na wanawake, alitusimulia baadaye kwamba baba alieleza jinsi alivyokesha akifikiri juu ya mkono mdogo unaotafuta mwanga. Watu walipiga makofi. Mama anasema naye alipiga, maana angeonekana vibaya.

Wakubwa wa shirika, waliokuwa wamekuja kutoka mbali kukagua kazi, wakaomba kuiona nyumba hiyo.

Walikuja siku ya pili yake saa nne asubuhi, watu sita wenye madaftari, pamoja na ofisa wa nyumba kama mkalimani. Baba aliomba ruhusa kazini, akavaa suti yake ya harusi. Binti wa mpangaji siku hiyo alikuwa na homa, amelala, kwa hiyo baba akaniita mimi. Nilivishwa gauni la Idi nikapelekwa kwenye nyumba ambayo nilikuwa sijaikanyaga tangu tuihame.

"Mwanangu," baba akasema kwa sauti ya upole ambayo hatukuwa nayo nyumbani, "wawashie wageni taa."

Nikaiendea swichi ya sebuleni. Ilikuwa usawa wa bega langu kamili. Nikaibonyeza. Hakuna kilichotokea. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, kama kawaida ya Kigoma siku hizo, na hakuna aliyelifikiria hilo.

"Hapo taa ingewaka," baba akasema.

Ofisa akatafsiri. Wageni wakaandika. Tukaenda koridoni, nikabonyeza, baba akasema na hapa pia ingewaka. Tulimaliza vyumba vyote. Mwishoni wageni walipiga makofi, na mama mmoja mwenye miwani, mtu mzima, akachuchumaa mbele yangu akaniuliza kitu.

"Anauliza wewe unaitwa nani na chumba chako ni kipi," ofisa akanitafsiria.

Jina nilimtajia. "Chumba changu kiko uani," nikasema.

Baba akacheka kicheko kidogo. Yule mama wa miwani akasimama na kusema angependa kukiona. Baba akasema kule kuna matengenezo. Ofisa akatafsiri, mama wa miwani akasema hajali matengenezo, na kabla baba hajapata neno jingine walikuwa wameshatoka kwa mlango wa nyuma, watu sita na madaftari yao, na mke wa mpangaji akiwafuata.

Kule uani shangazi alikuwa amekaa mkekani anarekebisha gauni. Alitaka kujua umeme utarudi saa ngapi, kwa hiyo alikuwa amemwambia mjukuu wake aache swichi imewashwa. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Ndani, kreti ya soda ilikuwa chini, ndoo juu ya kreti, na yule mtoto juu ya ndoo akiwa amejinyoosha kwa ncha za vidole, mwiko umegusa swichi, ndoo inayumba.

Wageni wakasimama. Hakuna aliyeandika.

Mama wa miwani akauliza swali fupi. Halikuhitaji mkalimani, lakini ofisa akatafsiri. "Anauliza, huyu ni mtoto wa nani?"

"Huyu ni mkimbizi," baba akasema haraka. "Amefika juzijuzi. Unajua hawa wametoka porini, bado hajazoea nyumba zenye umeme."

Ofisa akafungua mdomo.

"Ngoja kidogo, mama," shangazi akasema bila kunyanyuka. "Usitafsiri kwanza." Akaichomeka sindano kwenye gauni. "Mtoto huyu amezaliwa Bujumbura mjini, nyumba yenye umeme vyumba vyote, na swichi zote alikuwa anazifikia. Mimi nimezaliwa mtaa wa nyuma ya huu. Huyu bwana mwenye suti ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni mpaka akaanza kunizidi uzito. Alikuwa anaogopa giza kuliko watoto wote wa ukoo wetu. Mama yetu alikuwa anamwachia koroboi hadi alale. Haya, sasa tafsiri."

Ofisa alimtazama baba. Alimtazama shangazi. Alikuwa mwanamke mwenye busara za ofisini, na kazi yake ilikuwa kutafuta nyumba.

Akawaambia wageni maneno machache sana. Baadaye mke wa mpangaji alimweleza mama kwamba alichotafsiri ni, "Bibi anasema karibuni."

Wageni wakatabasamu na kumwinamia shangazi. Lakini mke wa mpangaji alikuwa amesimama ukutani kwetu miezi yote ile, akijifunza ungo na kinu, na alikuwa ameelewa. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Aliingia chumbani, akamshusha yule mtoto kutoka kwenye ndoo, akamweka chini polepole. Kisha akamgeukia baba.

"Mzee," akasema, akitafuta maneno moja moja, "mtoto wangu, swichi chini. Mtoto wako, ndoo?"

Baba alitazama viatu vyake vya harusi, akasema wageni wanasubiriwa na chai, akawapeleka mbele. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa stoo ya mkaa. Hakucheka. Nilimtazama vizuri ili nihakikishe, na kweli hakucheka, lakini jioni ile alipika wali.

Fundi alikuja baada ya siku mbili. Baba alimpokea getini kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani, akasema amechoka kumngoja kwa kazi hii aliyomwagiza zamani. Fundi alisema ndiyo mzee. Kipimo safari hii alikuwa mjukuu wa shangazi. Aliposimamishwa ukutani aliinua mabega kwa makusudi, na hakuna aliyemkemea.

"Na ya nje, hapa nipikapo?" mama akauliza.

"Hapo hapana swichi," baba akasema.

"Ndiyo maana nauliza."

Fundi akamtazama baba. Baba akamtazama shangazi, ambaye alikuwa anapuliza pasi ya mkaa. "Mwekee," baba akasema. Mama ndiye aliyeonyesha mahali, kwa kidole, akasimama hapo mpaka msumari wa mwisho ulipoingia.

Kilichotushangaza ni jioni zilizofuata. Baba alirudi kutoka bandarini akakuta kote kunawaka. Siku ya kwanza alizunguka hata hivyo, akachungulia vyumba viwili, akarudi. Hakuwa na pa kuweka mikono yake. Alikaa kwenye kiti nje na viatu vyake miguuni, akamwomba kaka yangu mkubwa amletee daftari lake la hesabu la shule, akalikagua lote kuanzia ukurasa wa kwanza. Kaka anasema angependelea zamani.

Mwaka uliofuata bwana wa shirika akahamishiwa nchi nyingine yenye wakimbizi wapya. Ofisa wa nyumba alikuja na faili lake na fundi wa shirika, mtu tusiyemjua, mwenye ngazi ya aluminiamu. Akaeleza kwamba mkataba unasema nyumba irudishwe kama ilivyopokelewa. Rangi ingepakwa, nyavu zingetolewa, na swichi zingerudishwa juu mahali pake pa awali. Alikuwa na picha alizopiga siku ya kwanza, akaonyesha.

Tulikuwa tumesimama wote sebuleni. Fundi wa shirika alishatega ngazi, ameweka tindo ukutani.

"Acha," baba akasema.

"Mzee, ni haki yako," ofisa akasema. "Gharama ni yetu. Tusipozirudisha watanidai maelezo."

"Utawaambia nini wakikudai?"

"Nitasema mwenye nyumba amekataa swichi zake."

"Waambie hivyo."

Ofisa hakuwa na fomu ya jambo hilo. Akachukua karatasi tupu, akaandika kwa mkono kwamba mwenye nyumba, akiwa na akili timamu, ameridhika swichi zibaki chini. Baba akaisoma mara mbili, akasahihisha neno moja, akaweka sahihi. Mama alipomuuliza kwa nini amekataa, alisema kuta haziwezi kuchimbwa mara tatu. Hatukumdai sababu nyingine.

Tukahamia mbele. Mimi na mjukuu wa shangazi tulipewa chumba alichokuwa akilala yule binti wa nywele za mahindi, ambako tulikuta soksi moja na rangi za kuchorea. Tuligombania rangi hizo hadi zikaisha.

Shangazi alikaa nasi mpaka aliposikia kwamba mtaa wao umetulia. Alituachia mjukuu kwa ajili ya shule, akasema anakwenda kuangalia nyumba yake. Baba alimkatalia, alilia hata, lakini shangazi alipanda boti na pasi yake. Baada ya wiki kadhaa ikaja barua. Nyumba aliikuta, kuta zimesimama na bati zipo, ila walioingia humo waling'oa vitasa, waya, balbu na swichi, wakaacha matundu. Alisema yeye ni mzima na tusiwe na wasiwasi.

Baba aliisoma barua ile mara nyingi. Jumamosi alikwenda Kigoma mjini, akarudi na waya, swichi na balbu, akavifunga kwa magazeti ndani ya kasha la sabuni pamoja na nyundo, akampa mfanyabiashara wa mawese aliyekuwa akivuka kwenda Bujumbura. Salamu zilirudi kwa mtu huyohuyo. Vyote vilifika, shangazi alisema, ila balbu zilikuwa zimevunjika zote njiani, maana nani anafunga balbu pamoja na nyundo.